Mbwa wako anajikuna mwaka mzima? Angalia anachokula

Kwa miaka miwili nililaumu vumbi la volkano. Hapa Goma tunakanyaga mawe meusi kila siku, kwa hiyo mbwa wangu Bobi alipoanza kulamba nyayo hadi zikawa nyekundu, nilisema ni ardhi tu, nikawa namwosha miguu kila jioni. Kisha masikio yakaanza kunuka. Tukitia dawa yanapona, baada ya wiki chache yanarudia. Sindano za kuzuia mwasho nazo zilimtuliza kwa muda, basi.

Daktari wa mifugo aliyetusaidia alianza na viroboto. Tulipowamaliza na mwasho ukabaki, akauliza anakula nini. Bugali, mabaki ya nyama ya ng'ombe, na maganda ya jibini ya Masisi, vilevile tangu alipokuwa mdogo. Nilidhani hilo linaondoa shaka. Kumbe mzio (aleji) huja kwa protini ambayo mwili umeshaizoea, na kwa mbwa nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku ndivyo vinavyosumbua mara nyingi.

Usikimbilie kupima damu. Kwa mzio wa chakula majibu yake hayaaminiki. Kinachotegemewa ni kumlisha wiki nane protini moja ambayo hajawahi kula. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zingekuwa rahisi kwetu, lakini vichwa vyake Bobi alishavizoea. Tukachagua sungura na viazi vitamu, vya kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Hata vidonge vya minyoo vyenye ladha ya nyama tuliviweka kando. Kama mbwa wako bado ni mtoto, usianze bila daktari, kwa sababu chakula hicho hakimtoshi kukua.

Ugumu ulikuwa nyumbani. Wiki ya tatu nilimkuta mama mkwe akimpa jibini mlangoni. "Mwanangu, mbwa anakula sungura, sisi tunakula sombe?" Sombe ni majani ya muhogo tu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwonyesha masikio ya Bobi, nikamweleza, tukaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza watoto wenye mikate.

Wiki nane zilipotimia masikio yalikuwa makavu. Tukarudisha kitu kimoja kimoja, kila kimoja kwa wiki mbili. Nyama ya ng'ombe haikumdhuru. Jibini, siku ya pili tu, alikuwa chini ya meza akilamba nyayo.