Bushi za mikono ya mbele zimekufa baada ya miezi minne: ninunue mikono mizima?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux dabo kebini ya 1999, ya dizeli, fowili, miguu ya mbele ni ya toshenba (fimbo ya chuma inayojinyonga, ndiyo springi). Nabeba samaki na barafu kati ya Pangani na Tanga mjini. Mwaka huu nilibadilisha bushi zote (zile za mpira kwenye maungio) za mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na fremu. Miezi minne haijaisha gari linagonga tena kwenye matuta, na nikishika breki linavuta kushoto. Fundi wangu anasema bushi peke yake hazitoshi, ninunue mikono mizima, ya juu na ya chini, pande zote mbili. Ni kweli? Na kazi ifanyweje isirudie?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kabla hujatoa hela ya mikono minne, ingia chini ya gari na tochi, uangalie mpira wa bushi hizo umechanika vipi. Ukiukuta umepasuka kwa kuzunguka, kama kitu kilichonyongwa, na umeachana na bomba la katikati, basi usilaumu mkono, na huenda hata bushi hazikuwa feki. Mimi ningeanza kwa kumuuliza fundi: bolti ulizikaza gari likiwa wapi, juu ya jeki au chini?

Bushi ya mkono haizunguki kama beringi. Ina bomba la nje linalobana kwenye tundu la mkono, bomba dogo la ndani linalopitisha bolti, na katikati yake mpira ulioshikana na mabomba yote mawili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa kwenye fremu na halisogei tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga kidogo huku na huku. Sasa ukikaza wakati tairi linaning'inia, gari likishushwa mkono unapanda na mpira unabaki umenyongwa usiku na mchana, hata ukiwa umeegesha nyumbani umelala. Tuta la kwanza linaukuta umeshafika mwisho wa uwezo wake. Kwa barabara zako, miezi minne naona ni mingi.

Kuvuta kushoto kwenye breki kunaweza kutoka hapohapo: bushi iliyochanika inaacha mkono urudi nyuma tairi linapozuiwa. Lakini kagua pia kama pistoni ya kalipa (kile kinachobana pedi za breki) ya upande mmoja imeganda. Gari la maji ya chumvi, hilo nalo si ajabu.

Mkono mzima unanunuliwa ukiwa umepinda, umepasuka, umeliwa na kutu hadi chuma kimekuwa chembamba, au tundu la bushi limepanuka kiasi kwamba bushi mpya inaingia kwa mkono bila presi. Nje ya hapo, kwenye Hilux hii boljointi (kiungo cha mpira wa chuma mwishoni mwa mkono, upande wa gurudumu) ya juu na ya chini zote zimefungwa kwa bolti kwenye mkono na zinauzwa peke yake. Kuzipima, inua gari kwa fremu, tairi lining'inie, ulitikise juu na chini huku mwenzako akimulika. Likicheza, mwambie akanyage breki. Uchezaji ukiisha, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi, na hapo usiahirishe, kwa sababu boljointi ikichomoka tairi linalala ubavu ukiwa njiani. Mikono ya mtumba siikatai, ila bushi zake hesabu kwamba zimeshakufa.

Sasa kazi yenyewe. Fanya upande mmoja kwanza, mwingine ubaki kuwa kielelezo. Gari likae kwenye stendi imara chini ya fremu. Mawe na vipande vya magogo sivitaki kabisa.

Kwenye gari lako toshenba imeshika mkono wa juu. (Kwenye pikapu za Isuzu TFR na Nissan Hardbody iko chini, kwa hiyo usifuate maelekezo ya jirani mwenye hizo.) Fimbo hiyo ndiyo springi yako, na imejaa nguvu. Kabla hujagusa boljointi, nenda kwenye bolti yake ya kurekebishia, pale nyuma kwenye fremu, pima kwa rula uzi uliojitokeza, andika, kisha legeza hadi nguvu iishe. Ukiichomoa, weka alama ya rangi pande zote mbili za meno, na usichanganye ya kulia na ya kushoto.

Boljointi isipoachia, usiitoe nati yote. Iache imeshika nyuzi chache, kisha gonga ubavu wa jicho la chuma ambamo pini yake imepita. Itaruka yenyewe, na nati itaidaka. Chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) kifunge kwa waya kwenye fremu, kisining'inie kwa mpira wa breki wala kuvuta ekseli.

Bolti za mkono wa chini ndizo zitakazokutoa jasho. Zina washa za kamu, zile za duara ambazo tundu lake haliko katikati, na ndizo zinazopanga kemba na kasta, yaani mlalo wa tairi ndani au nje na mlalo wa mhimili wake wa usukani mbele au nyuma. Weka alama zilipokaa. Kutu ya chumvi huigandisha bolti ndani ya bomba la bushi: unazungusha kichwa, mpira unazunguka nao, bolti haitoki. Wapo wanaowasha gesi hapo. Moshi wa mpira ni sumu, na chuma cha mkono nacho kinaungua. Mimi nakata bolti kwa msumeno kati ya bushi na fremu, pande zote mbili, naweka bolti na kamu mpya. Mkono wa chini mzima nimeshaununua kwa sababu hiyo tu, bushi ilipogoma hata kwenye presi.

Wakati wa kurudisha, bolti za bushi ziingize zote lakini zikaze nusu tu. Boljointi zikaze kamili, na kama tundu la kota pini (pini ya kuzuia nati isilegee) halijalingana, endelea kukaza mbele, usirudi nyuma. Rudisha toshenba kwa kipimo ulichoandika, shusha gari, lisukumesukume, liendeshe taratibu uani mbele na nyuma likae sawa, pima urefu kutoka chini hadi ukingo wa fenda pande zote mbili. Hapo ndipo unaingia chini, matairi yakiwa yamebeba uzito, unakaza bolti za bushi kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Siku hiyohiyo peleka kwenye alaimenti, yaani kupangwa mielekeo ya matairi. Watalegeza kamu tena, kwa hiyo simama pale uhakikishe wanazikaza gari likiwa kwenye matairi yake. Na kabla bolti mpya hazijaingia, zipake grisi sehemu inayolala ndani ya bomba, uzi uuache mkavu.