Maswali ya Wasomaji: Chokoleti Isiyo na Sukari kwa Keki ya Nyumbani

SWALI: Mama mkwe wangu anaishi na kisukari cha aina ya pili, na sikukuu ya Idi inapokaribia huniomba nimwokee keki ya chokoleti ili ale pamoja na wajukuu. Dukani nimekuta chokoleti tatu: ya kwanza imeandikwa kwamba haina sukari, na bei yake ni kubwa, ya pili ni ya maziwa na imeandikwa kwamba haikuongezwa sukari, ya tatu ni nyeusi, yenye kakao asilimia 70. Nichukue ipi, na je, naweza kumpa bila hofu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, kabla ya kulipa, geuza pakiti usome orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Chokoleti nyingi zinazouzwa kuwa hazina sukari hutiwa maltitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo huenda ikaandikwa E965. Maltitoli hupandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiwango kidogo kuliko sukari ya kawaida, na kila gramu yake hutoa takriban kalori 2.1, wakati gramu ya sukari hutoa 4. Akiila kwa wingi, tumbo hujaa gesi na pengine kuharisha. Umoja wa Ulaya umelazimisha onyo hilo liandikwe kwenye vyakula vilivyoongezwa zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya jamii hiyo. Ile ya maziwa, hata kama haikuongezwa kitu, bado ina sukari ya asili ya maziwa. Na ile nyeusi ya asilimia 70, sehemu kubwa ya asilimia 30 iliyobaki ni sukari.

Kwa hiyo, kwa kuoka, mimi nisingechagua hata moja kati ya hizo tatu. Tafuta chokoleti ya kakao asilimia 100, ambayo ni chungu kabisa, kisha utie utamu wewe mwenyewe kwa kiasi unachokijua. Usipoipata, unga wa kakao unatosha: vijiko vikubwa 3 vya unga pamoja na kijiko kikubwa 1 cha siagi au mafuta hushika nafasi ya gramu 28 za chokoleti hiyo. Kakao ya kutosha hulimwa hapa hapa nchini, hasa Kyela mkoani Mbeya, na ukiupata unga wake ambao haukuchanganywa na kitu, una bidhaa nzuri mkononi. Angalia tu usichukue unga wa kinywaji cha chokoleti, ambao mara nyingi huwekwa rafu moja na kakao halisi, na ambao kiambato chake cha kwanza huwa ni sukari.

Kitamu kinachostahimili oveni ni erithritoli, ambayo karibu haina kalori na haipandishi sukari ya damu. Utamu wake ni takriban asilimia 70 ya ule wa sukari, huacha ubaridi mdomoni, na keki ikipoa huweza kurudi kuwa chengachenga. Isage iwe laini kama unga kabla ya kuichanganya. Vile vidonge vya chai vyenye aspatamu viache, kwa kuwa utamu wake hupotea kwenye moto. Kumbuka pia kwamba sukari ndiyo inayoihifadhia keki unyevu na kuipa rangi ya kahawia, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vitatu vya mtindi, na usisubiri keki ibadilike rangi ndipo uitoe, bali ichome kwa kijiti uone kama kinatoka kikavu.

Jambo ninalokusihi ulizingatie zaidi ya yote ni unga wa ngano. Kila gramu 100 zake zina takriban gramu 75 za wanga, na wanga huo hugeuka sukari mwilini, hata kama chokoleti uliyotumia haina sukari hata chembe. Asali na tende nazo ni sukari. Mkatie mama kipande kidogo, akile baada ya chakula ambacho wali wake umepunguzwa, na kama ana kipimo nyumbani, apime saa mbili baadaye, kisha majibu ayapeleke kliniki anakohudhuria. Na iwapo anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, familia nzima ifahamu kwamba sukari yake ikishuka ghafla, keki hii haitamsaidia. Apewe maji yenye sukari ya kawaida.

SWALI: Chokoleti yangu isiyo na sukari imefanya utando mweupe, na nilipoiyeyusha ikashikana kama udongo. Je, imeharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Utando huo kwa kawaida ni siagi ya kakao iliyoyeyuka kwa joto na kuganda tena juu. Ikiwa chokoleti haina ukungu wala harufu ya mafuta yaliyochacha, ioke bila wasiwasi. Kushikana kulisababishwa na maji, kwani hata mvuke wa sufuria unatosha. Bakuli liwe kavu kabisa, lisiguse maji yanayochemka chini yake, na moto uwe mdogo. Ile iliyokwisha shikana iongezee maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, mpaka iwe rojo laini la kumwagia juu ya keki.