Modeli ya kutabiri mzigo wa seva haitashusha bili yenu yenyewe

SWALI: Tunauza tiketi za mabasi ya mikoani mtandaoni, na seva zetu ziko kwenye wingu la Amazon. Desemba iliyopita mfumo ulielemewa mara kadhaa. Tangu hapo tunaacha seva nyingi zikiwaka usiku na mchana, na bili imepanda sana. Kampuni moja ya washauri imetuahidi kwamba ujifunzaji wa mashine utatabiri mzigo na kukata gharama kwa nusu. Tunazo kumbukumbu za matumizi ya prosesa za mwaka mzima. Je, tuanze na modeli gani?
Mhandisi wa mifumo, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mhandisi, ahadi ya kukata gharama kwa nusu, ikitolewa na mtu ambaye hajaangalia hata grafu moja ya mfumo wenu, ikataeni. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu yote yamejengwa juu ya dhana ileile, kwamba data ikishakuwa nyingi, mashine itajua yenyewe wateja watakuja lini na watakuwa wangapi. Mashine hujifunza kile kilichopimwa tu, na mlichokipima Desemba hakikuwa idadi ya wateja wenu.

Prosesa ikishafika asilimia 100 haina pa kwenda zaidi. Maombi yaliyozidi hapo yalikataliwa, wateja wengine wakakata tamaa na kwenda kununua tiketi kituoni, na wengine wakabonyeza kitufe mara tano, kila mbonyezo ukahesabiwa kama ombi jipya. Kwa hiyo grafu ya siku zile, ambazo ndizo mnazozihitaji zaidi, inaonyesha kikomo cha seva zenu wala haionyeshi mahitaji. Modeli itakayofundishwa kwa data hiyo itajifunza kikomo, na Desemba ijayo itapendekeza kwa uaminifu kabisa idadi ileile ya seva iliyoshindwa. Hakuna ugumu wa hesabu unaoweza kurekebisha kasoro hii. Anzeni leo kurekodi maombi yote yanayofika kwenye kisawazisha mzigo (kifaa kinachogawa maombi kwa seva zenu), pamoja na yaliyokataliwa, na mtenganishe mteja mpya na mteja anayerudia.

Kuhusu Desemba yenyewe, kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba Krismasi ikikaribia mabasi ya Moshi na Arusha hujaa. Huduma ya utabiri ya Amazon kwa seva za EC2, yaani seva za kukodi kwenye wingu lao, hutazama historia isiyozidi siku 14 na kutabiri saa 48 zijazo. Inafaa kwa mizunguko ya siku na ya wiki, lakini haina namna ya kukumbuka Desemba iliyopita. Hata mkijenga modeli yenu wenyewe, mwaka mmoja wa data una Desemba moja tu, na tukio moja haliwezi kuitwa mwenendo. Safari za Idd ni ngumu zaidi, kwa kuwa tarehe zake hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na modeli inayofuata tarehe za Januari hadi Desemba itaziweka mahali zisipo. Kwa mambo haya kalenda inatosha: wekeni ratiba inayopandisha kiwango cha chini cha seva kabla ya msimu na kukishusha baadaye. Uwezo huo mnao tayari ndani ya akaunti yenu, na ninasikitika kuona watu wakiuziwa akili mnemba ili iwaambie sikukuu ni lini.

Tuje kwenye bili. Utabiri wa Amazon huongeza seva kabla ya mzigo kufika, hauzipunguzi. Kupunguza kumeachiwa kanuni ya kawaida inayofuata matumizi ya wakati huo. Faida ya utabiri hupatikana pale seva mpya inapochukua dakika kadhaa kuwa tayari, kwa sababu hapo mnaweza kuacha kulipia akiba kubwa ya kungojea dharura. Ikiwa huduma yenu huwaka na kuwa tayari ndani ya sekunde chache, kanuni ya kawaida inatosha: Kubernetes, mfumo unaoongeza na kupunguza nakala za huduma, kwa mipangilio yake ya awali, hukagua vipimo kila baada ya sekunde 15 na husubiri sekunde 300 kabla ya kupunguza. Pimeni kwanza muda wa kuwaka. Tazameni pia kanzidata, maana PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, kwa kawaida huruhusu miunganisho 100 tu, na kila seva mnayoongeza mbele yake hula sehemu ya hiyo 100.

Wauzaji hupenda kunukuu mfumo wa Autopilot wa Google, unaopanga wenyewe rasilimali za kazi za kompyuta, ulioelezwa mwaka 2020, ambao kazi zilizo chini yake zilikuwa na asilimia 23 ya rasilimali zisizotumika, dhidi ya asilimia 46 kwa kazi zilizopangwa na watu. Takwimu ni za kweli. Wasichosema ni kwamba kazi kubwa ya mfumo ule ni kurekebisha kiasi cha prosesa na kumbukumbu ya muda (RAM) kinachotengewa kila kontena, yaani kifurushi cha programu kinachoendeshwa peke yake, na kwamba mojawapo ya mbinu zake mbili ni takwimu za matumizi yaliyopita, zikipewa uzito mdogo kadiri zinavyozeeka. Kazi hiyo mnaweza kuianza kesho bila mshauri.

Modeli ya kuanza nayo, basi, ni hii: chukulieni kwamba mzigo utakuwa sawa na ule wa saa kama hii, wiki iliyopita. Kisha washeni utabiri wa Amazon katika hali ya kutabiri bila kutenda, muulinganishe na modeli hiyo kwa wiki kadhaa. Utabiri huo usipoishinda modeli hiyo nyepesi, hakuna sababu ya kuutumia, na yeyote anayewauzia modeli bila kuonyesha mlinganisho wa namna hiyo anawauzia maneno. Jihadharini hasa na wanaotoza asilimia ya fedha iliyookolewa, kwa sababu malipo yao hukua kila wanapopunguza akiba ya seva, ilhali hasara ya kuelemewa inabaki kwenu. Mkilazimika kusaini mkataba wa aina hiyo, andikeni ndani yake kwamba thamani ya tiketi zitakazoshindikana kuuzwa wakati mfumo umeelemewa itakatwa kwenye malipo yao.