Muulize Fundi: Tableti nimeiruti, naizuiaje isijiapdeti yenyewe?

SWALI: Mbukwenyi fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kibaigwa. Mdogo wangu aliniachia tableti ya Amazon, Fire HD 8 ya mwaka 2017, nikaipeleka kwa fundi mmoja Dodoma mjini maeneo ya Sabasaba akairuti, yaani akaifungulia mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, akaniwekea Play Store na programu ya kusomea vitabu. Sasa nimejaza humo PDF za vitabu vya kiada vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) pamoja na riwaya zangu, vijana wa kidato cha nne wanakuja kusoma kwa zamu. Fundi wakati ananikabidhi alinipa onyo moja tu, mwalimu hii kitu isije ikajiapdeti, ikijiapdeti ruti imekwenda. Tangu hapo naishi kwa woga, waifai ya shule siunganishi, nikitaka kushusha kitabu nawasha hotspoti ya simu fasta halafu nazima. Kwenye setingi nimetafuta pa kuzimia apdeti sipaoni. Kuna namna ya kuifunga moja kwa moja? Na nikiifunga kuna madhara gani?
Mwalimu, Kibaigwa

JIBU: Mbukwenyi mwalimu, pole na hongera kwa hiyo maktaba ya mkononi. Batani ya kuzima apdeti huioni kwa sababu haipo, kwenye Fire utakuta sehemu ya kuangalia kama kuna apdeti mpya lakini pa kusema sitaki hawakuweka. Hotspoti ya kuwasha na kuzima nayo inasaidia kidogo tu, siku utasahau kuzima, tableti ipo kwenye chaji imelala, na apdeti za aina hii ndio muda wake huo wa kuingia, asubuhi unaamka na kitu kingine.

Kwanza nikwambie kwa nini ruti inaondoka maana wengi wanadhani Amazon wanawaadhibu. Ukiruti kwa njia ya zamani kama SuperSU, ile programu inayosimamia nani apewe ruti, kuna kafaili kanaitwa su kanakaa ndani ya sehemu ya mfumo, yaani /system, na apdeti inapokuja inaiandika hiyo sehemu upya, kwa hiyo kafaili kako kanafutika hapo hapo. La pili ni kwamba apdeti inaziba tundu lililotumika kuingilia. Tableti kama yako ina chipu ya MediaTek, na mwaka 2019 kuna mtaalamu alitoa hadharani kitu kinaitwa mtk-su kinachotumia kasoro ya chipu hizo, inawezekana sana fundi wako alipita humo. Kasoro hiyo baadae ikapewa namba yake ya utambulisho, CVE-2020-0069, na Google wakaitangaza kwenye taarifa yao ya usalama ya Machi 2020. Ukishaapdeti tundu linazibwa, ukirudi kwa fundi atakwambia mwalimu hii sasa ngumu.

Sasa dawa. Usihangaike na rauta kwamba uzuie anwani za Amazon, tableti yako leo ipo kwenye waifai ya shule kesho kwenye simu yako keshokutwa kwa mdogo wako, utazuia rauta ngapi? Na wewe una ruti, wa kumnyamazisha yupo humo humo ndani. Ndani ya Fire kuna programu ambayo kazi yake ni kwenda kuuliza kama kuna toleo jipya, ikilipata inalishusha na kulipachika, jina lake la ndani ni com.amazon.device.software.ota, na ina mwenzake anaitwa com.amazon.device.software.ota.override. Hao wawili ndio tunawalaza.

Kompyuta si lazima. Shusha programu yoyote ya terminal, yaani ya kuandikia komandi, kwenye Play Store, ifungue, andika su halafu bonyeza enta. SuperSU itakuuliza kama unaruhusu, ruhusu. Angalia alama ya mwisho wa mstari, mwanzoni ilikuwa $ na sasa inatakiwa iwe #. Kama haijabadilika simama hapo hapo, ruti haipo au haifanyi kazi, rudi kwa fundi. Kama imebadilika andika:

pm list packages | grep ota

Itakuletea orodha ya kila kitu chenye herufi hizo tatu, na humo kutakuwa na vitu visivyohusika kabisa, maana hata neno rotation lina ota katikati, kwa hiyo usianze kuua kila unachokiona. Tafuta yale majina mawili niliyokutajia, ukiyaona andika moja moja:

pm disable com.amazon.device.software.ota
pm disable com.amazon.device.software.ota.override

Ikikubali itakujibu jina la programu na mwisho wake neno disabled. Kisha hakiki kwa pm list packages -d, hiyo inaorodhesha zilizozimwa tu, na wote wawili wawemo. Zima tableti, iwashe, angalia tena kama bado wapo kwenye orodha hiyo. Watu wengi hatua hii ya kuhakiki wanairuka, wanaona neno disabled wanafurahi wanafunga, kumbe waliandika jina kwa makosa kwenye ile ya pili.

Hapo kwa matumizi ya kawaida umemaliza, waifai ya shule unganisha. Ila kuna kitu nataka ukijue mapema. Hiyo hali ya kuzimwa inaandikwa kwenye sehemu ya data, sio kwenye mfumo. Siku tableti ikizingua ukaifanyia factory reset, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, data yote inafutwa na hilo katazo lako linafutwa nayo, programu ya apdeti inaamka mzima wa afya wakati wewe umekaa ukijua uliifunga. Tena kuna mwingine wa tatu, com.amazon.kindle.otter.oobe.forced.ota, huyu kazi yake ni pale tableti inapoanza upya kabisa, unachagua lugha, unaweka waifai, yeye anavuta apdeti kabla hata hujafika mbele. Kwa hiyo ukifanya reset, inapokuomba waifai ruka, ingia ndani bila intaneti, weka zile komandi kwanza (faili la terminal liwe kwenye memori kadi, maana Play Store nayo itakuwa imeondoka), ndipo uunganishe.

Kama unataka katazo linalovumilia hata reset, kwa Fire OS 5 (mfumo wa Amazon wa tableti hizi) kama yako na ruti ya SuperSU unaweza kulibadili jina faili la programu yenyewe. Unaandika pm path ikifuatiwa na jina la programu, inakuonyesha faili lilipo, unafungua sehemu ya mfumo iandikike:

mount -o remount,rw /system

halafu kwa komandi ya mv unalibadili jina lile faili, mwisho badala ya .apk iwe .apk.zamani, unawasha upya. Nasema badili jina, usifute. Siku ukiihitaji tena unarudisha jina lake na maisha yanaendelea, ukifuta ndio unaanza kuzunguka unatafuta faili la toleo lile lile. Wenye Nook, vifaa vya kusomea vitabu vya kampuni ya Barnes & Noble, zamani walikuwa na ujanja unaofanana na huu, wao walibadili jina la otacerts.zip, lile faili lenye vyeti ambavyo mfumo unavitumia kuhakiki apdeti kabla ya kuipachika. Na walikuwa na sababu, Desemba 2011 apdeti ya 1.4.1 ya Nook Tablet iliingia ikafunga ruti pamoja na uwezo wa kuweka programu za nje.

Wenye Fire za Fire OS 6 kwenda mbele msije mkasoma hapa mkakimbilia kugusa /system. Huko mfumo unajikagua wakati wa kuwaka, ukikuta umeguswa inaweza isiwake kabisa. Nyie bakini na pm disable, na mkifanya reset mnarudia, basi. Na wasio na ruti wanaotaka kuizima kwa ADB, yaani kutuma komandi kutoka kwenye kompyuta, kwenye matoleo ya karibuni Amazon wameikinga hiyo programu, utapigwa jibu la kukataliwa.

Usichanganye pia apdeti ya mfumo na apdeti za programu. Duka la Amazon na Play Store zitaendelea kuapdeti programu zako, hizo haziondoi ruti, zinakula bando tu.

Madhara umeuliza, na hapa sitakuficha. Lile tundu lililokusaidia wewe kuruti linaweza kumsaidia na mwenye programu mbovu, na wewe umeamua libaki wazi. Kwa tableti ya kusomea PDF mimi naona haina shida, iache. Lakini usiweke humo programu ya benki wala ya pesa za simu, usiingize barua pepe yako kubwa ile yenye nywila zote, fungua nyingine ya Play Store peke yake. Na vijana wasipewe ruhusa ya kuweka magemu ya kutoka popote, kijana mmoja akiweka gemu ikaomba ruti naye akabonyeza ruhusu, hapo umempa funguo za nyumba nzima. SuperSU ya kulipia (Pro) ina sehemu ya kuweka PIN, kama ndiyo unayo iweke leo.

La mwisho, ukija kuamua mwenyewe kuapdeti, Amazon wanaweka mafaili ya matoleo kwenye tovuti yao, unashusha unapachika kwa mkono. Mbele sawa, ila kurudi nyuma uliza kwanza, ile Fire ya 2015 ilikuwa ukiitoa 5.1 kuirudisha 5.0 inakufa moja kwa moja, haiwaki tena.

SWALI: Kaka fundi mambo vipi, nipo UDOM mwaka wa pili. Nina Kindle Paperwhite nimeijelbreki, yaani nimeifungua kufuli la Amazon niweke programu zangu, hosteli waifai ipo muda wote na naogopa itajiapdeti. Hizo komandi za pm zinafanya kazi kwangu?
Mwanafunzi, Ng'ong'ona

JIBU: Poa mdogo wangu. Hazifanyi, hiyo ya skrini ya wino sio Android, ndani ni Linux ya Amazon wenyewe. Yako ni rahisi zaidi. Kindle inaposhusha apdeti inaandika kwanza faili la muda linaloitwa update.bin.tmp.partial kwenye sehemu ile ile unayoiona ukichomeka waya wa USB. Sasa wewe washa hali ya ndege, chomeka kwenye kompyuta, tengeneza folda, narudia folda na sio faili, ipe jina hilo hilo herufi kwa herufi, iweke pale nje kabisa zilipo folda kama documents. Faili na folda haviwezi kuwa na jina moja mahali pamoja, kwa hiyo Kindle ikitaka kuanza kushusha inakwama. Kabla hujachomoa angalia kama kuna faili linaanza na update na kuishia na .bin, likiwepo lifute maana hiyo ni apdeti iliyoshafika inasubiri tu. Na kama umeweka KUAL, ile menyu ya kufungulia programu za nyongeza, kuna nyongeza ya kubadili majina ya programu zenyewe za apdeti, iweke pia.

Ila usikae hivyo miaka kumi. Mwaka 2016 Amazon waliwatangazia wenye Kindle za zamani kwamba zisipoapdetiwa mpaka Machi 22 hazitaweza tena kuingia mtandaoni kuvuta vitabu, waliochelewa ikabidi washushe apdeti kwa kompyuta na kuipachika kwa waya. Na toka Februari 26, 2025 ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa USB wameifunga. Kama vitabu vyako vingi ni vya kununua Amazon, fikiria mara mbili kama unataka kugombana na apdeti. Kama ni PDF na EPUB za kwako unazoziingiza mwenyewe, wala usiwaze.

SWALI: Fundi, mimi sina tableti ya vitabu wala sijui kuruti ni nini, simu yangu ya kawaida tu. Naweka bando asubuhi kufika saa nne limekwisha na sijaangalia hata video. Kuna mtu kaniambia ni apdeti. Nifanyeje?
Mama wa duka, Ilazo

JIBU: Mama, aliyekwambia anaweza kuwa sahihi. Fungua Play Store, gonga ile picha yako juu kulia, ingia setingi, kwenye mambo ya mtandao utaona sehemu ya kuapdeti programu zenyewe. Chagua waifai tu, au kama huna waifai kabisa chagua zisijiapdeti, halafu siku moja moja ukiwa na bando la kutosha unaapdeti zile unazotumia kweli. Nenda pia kwenye setingi za simu uangalie matumizi ya data, itakuonyesha programu gani imekula ngapi, usishangae ukikuta mla bando sio apdeti ni video za mitandao zinazocheza zenyewe ukiwa unaperuzi.

Apdeti ya simu yenyewe, ile ya mfumo, usiizime. Wewe hujaruti na pesa za duka zipo humo humo kwenye simu, iache iingie, tafuta tu mahali penye waifai. Na WhatsApp nayo iapdeti mara kwa mara, ikizeeka sana inagoma kufunguka na wateja wako wa oda wote wako huko.