Maswali na Majibu: Nani Anamkagua Mwenye Hoteli?

Nilipogusia juzi hoteli za waomba hifadhi kule Uingereza, sikujua kwamba wasomaji wengi hivi mna ndugu ndani yake. Barua zimejaa. Nimechukua sita, na mbili nimezifupisha kwa sababu ya hasira iliyokuwamo.

Shikamoo mwandishi. Mwanangu yuko hotelini Uingereza mwezi wa nane huu, serikali inalipa. Hapa mtaani wananiambia nimeula. Lakini kila nikimpigia ananiambia hana hata nauli ya basi. Nani mwongo? (Mama, Tanga)

Marahaba mama. Hakuna mwongo hapo. Kwa hesabu za mwaka 2025, kumlaza mtu mmoja hotelini kuliigharimu serikali ya kule wastani wa pauni 145 kwa usiku. Kumweka kwenye nyumba ya kawaida mtaani kuligharimu kama pauni 14 tu. Ila hizo pauni 145 hazipiti mkononi mwa mwanao. Mwaka huohuo, anayelishwa hotelini alipewa posho ya pauni 9.95 kwa wiki, na basi la England, hata kwa bei iliyowekewa kikomo, lilifika pauni 3 kwa safari moja. Piga hesabu mwenyewe: aende mara tatu, arudi kwa miguu. Kufanya kazi haruhusiwi, na hata kuomba ruhusa hawezi mpaka kesi yake ikae mwaka mzima bila uamuzi. Kijana amezungukwa na pesa nyingi zisizo zake. Waambie majirani wapunguze maneno.

Naishi Leicester. Nikiuliza hoteli ile ni ya nani, naambiwa ya serikali. Mlinzi ana sare ya kampuni moja, chakula kinaletwa na nyingine. Mwenyewe hasa ni nani?

Hapo ndipo kitendawili kilipo, kaka. Tangu 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, ambayo watu wetu huko huiita Home Office tu, imewakabidhi kazi hii wakandarasi watatu: Serco, Mears na Clearsprings Ready Homes. Kila mmoja ana maeneo yake, na mikataba ni ya miaka kumi. Lakini mkandarasi naye huajiri wakandarasi wadogo wa hoteli, wa ulinzi na wa chakula, na hao wana wao. Machi 2025 wizara ilitangaza kumwondoa mmoja wa wakandarasi wadogo, Stay Belvedere Hotels, aliyekuwa akiendesha hoteli 51 England na Wales. Raia wengi jina hilo walilisikia kwa mara ya kwanza siku anaondolewa.

Mimi ni mhasibu. Mkataba wowote wa serikali una vifungu vya adhabu. Kwa nini hawa hawakatwi? (Dodoma)

Swali lako nimelikalia siku mbili, kwa sababu ndilo lenyewe.

Vifungu vipo. Mkandarasi akichelewesha matengenezo au akishindwa vigezo, malipo yake yanapaswa kukatwa. Kipo pia kifungu cha faida: ikivuka kiwango walichokubaliana, sehemu ya ziada irudi serikalini. Kwenye karatasi, mkataba wao una meno kuliko mingi tuliyoizoea kwetu.

Sasa sikiliza. Mwaka 2019 mikataba yote ilikadiriwa kugharimu pauni bilioni 4.5 kwa miaka kumi. Mei 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ndiyo CAG wao, ilisema makadirio yamefika bilioni 15.3. Kati ya Septemba 2019 na Agosti 2024 wakandarasi watatu walitangaza faida ya jumla ya pauni milioni 383 kutokana na kazi hii. Na mwezi huohuo wa Mei, wakuu wa kampuni walipoitwa mbele ya kamati ya Bunge, Clearsprings walisema wametenga pauni milioni 32 za kurudisha, Mears milioni 13.8, na kwamba wanasubiri wizara imalize ukaguzi ije kuzichukua. Wewe ni mhasibu, utanielewa: wakati ule mdaiwa alikuwa ameshika hela mkononi, mdai hakuonekana. Katika miaka yangu ya kuandika habari za fedha za umma sijakutana na jambo kama hilo.

Kuhusu makato, mikataba iliandikwa kwa kufikiria nyumba za mitaani, hoteli zikiwa dharura ya wiki chache. Ikaja korona mwaka 2020, zikaja mashua za kuvuka mlango bahari wa Uingereza, na maamuzi ya kesi yakarundikana. Septemba 2023 waliolala hotelini walipita elfu 56. Dharura ikageuka kuwa ndiyo kazi yenyewe. Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani iligundua, katika ripoti yake ya Oktoba 2025, kwamba adhabu za utendaji hazikuwekwa kwa hoteli wala kwa kambi kubwa kama Napier na Wethersfield. Yaani rungu lilitengenezewa mlango ambao mwizi hapiti tena.

La mwisho hapa ni maoni yangu, si ya ripoti. Serikali iliyoshikwa na watu maelfu bila mahali pa kuwalaza haiwezi kumtishia mwenye vitanda. Atasema, haya, wachukue. Kwa hiyo hata afisa mwenye nia njema anamkaripia mkandarasi kwa sauti ya chini.

Chumba chetu kina ukungu ukutani, mtoto anakohoa, kunguni wamejaa. Nimemwambia msimamizi mara nne. Naogopa kulalamika zaidi, nisije nikaharibu kesi yangu. (Mama wa watoto wawili, ameomba mji usitajwe)

Dada yangu, kwanza hofu. Makazi na kesi ya hifadhi ni mambo mawili mbalimbali. Anayeamua kama utapewa hifadhi haulizi kama ulilalamikia kunguni.

Pili, kumwambia msimamizi kwa mdomo ni sawa na kuuambia huo ukuta. Piga simu Migrant Help, shirika lililopewa mkataba wake wa kupokea malalamiko. Simu ni ya bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Usikate kabla hujapewa namba ya kumbukumbu, maana bila namba hiyo hujalalamika. Piga picha zenye tarehe. Mtoto akienda kwa daktari, omba barua inayotaja ukungu. Wakipita bila kutengeneza, peleka namba, picha na barua kwa mbunge wa eneo hilo. Ndiyo, huna kura, lakini unakaa kwenye jimbo lake, na ni yeye anayeweza kulifikisha lalamiko lako kwa mchunguzi wa malalamiko wa Bunge. Halmashauri nayo ina maafisa wa afya ya mazingira; waite, usingoje ruhusa ya mtu.

Ni ukweli ati walikuwa wanapaka milango yao rangi nyekundu? (Nairobi)

Ni kweli, Middlesbrough, Januari 2016. Nyumba nyingi za waomba hifadhi zilikuwa na milango myekundu, na watu walikuwa wakirushiwa mayai na mawe. Mkandarasi wa wakati huo, kampuni ya G4S, na mwenye nyumba walikana kwamba ilikuwa makusudi, na milango ikapakwa upya. Siku chache baadaye ikasikika Cardiff: wakazi walivalishwa bangili nyekundu, asiye nayo hapewi chakula. Nayo ikafutwa. Kinachonikera ni kwamba yote mawili yalifichuliwa na magazeti, wala si wakaguzi wa wizara, ingawa diwani mstaafu mmoja alikuwa amelalamikia milango ile miaka kadhaa kabla.

Mimi si mwomba hifadhi, ni mlinzi wa usiku katika hoteli moja. Naona fomu za ukaguzi wa vyumba zikisainiwa mezani, hakuna anayepanda ghorofani. Nikisema, nitafukuzwa? (Bila jina)

Sheria yao ya 1998 ya wafichuaji inakulinda hata kama umeajiriwa kupitia wakala, mradi uwe na sababu za msingi za kuamini kwamba unayoyasema ni kweli na yana maslahi kwa umma. Lakini inakulinda zaidi ukipeleka mahali panapotambuliwa na sheria: mbunge, au huyo CAG wao, ambaye hupokea taarifa za matumizi mabaya ya fedha za umma. Ukirusha kwenye kundi la WhatsApp, uko peke yako.

Usiibe fomu, na usipige picha za wakazi. Nunua daftari. Kila zamu andika tarehe, saa, namba ya chumba kilichosainiwa na nani alikuwa mezani. Liache nyumbani kwako, si kwenye kabati la kazini.