Saini ni yako: mambo niliyolipia mwenyewe kwenye magari ya IT

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina leseni daraja E, nimeendesha Fuso ya mchanga miaka miwili, sasa nataka kuingia kwenye IT. Naanzia wapi?"

Angeniuliza miezi miwili nyuma ningemjibu kwa mbwembwe. Kanikuta nimetoka kumpoteza tajiri niliyemfanyia kazi miaka minne, kisa betri moja.

Kama hujui, IT ni "in transit", gari la kupita nchini tu, na kazi ni hivi: gari limeshuka melini Dar, mwenyewe yuko Zambia au Kongo. Linafungwa namba za muda, unapewa makaratasi, pesa ya mafuta na posho, unaliendesha mpaka huko. Huna tela, huna kontena, mzigo ni gari lenyewe. Ukishakabidhi unapanda basi kurudi na kusubiri simu nyingine. Mshahara hakuna, malipo ni kwa safari. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nimepeleka vichwa vya malori ya Scania na DAF, nimepeleka malori mapya ya Howo yanayonukia plastiki, na sijawahi kuvunja hata kioo cha pembeni. Nayasema haya kwa sababu safari hii wameniita mwizi.

Lilikuwa kichwa kilichotumika, kimetoka Ulaya, usukani kushoto, kinakwenda Kongo. Ajenti alinipigia saa kumi jioni, nimefika yadi Kurasini giza linaingia. Gari haliwaki. Fundi akaleta betri za gari jingine, akaliamsha kwa waya, likanguruma. Ajenti ananiharakisha, "Kaka, limekaa sana melini, likitembea litajichaji." Akaniwekea fomu juu ya boneti ya gari lake: spea tairi moja, jeki moja, redio, betri mbili mpya. Nikasaini. Kifuniko cha betri sikukifungua. Dereva wa miaka tisa!

Njia yenyewe mnaijua, sitawachosha: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa. Ila usukani wa kushoto kwenye barabara yetu ni adhabu. Ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja mpaka utoe nusu ya gari. Mimi siovateki. Nakaa nyuma ya semi hata saa nzima, wanipigie honi wakichoka.

Makambako nililala. Asubuhi nawasha, kimya. Madereva wawili wa IT niliokuwa nimeongozana nao ndio walioniunganishia waya. Mmoja akasema, "Angalia betri zako hizo." Lori linataka volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, moja ikichoka inamvuta na mwenzake. Nalijua hilo kama jina langu. Lakini nilikuwa nawaza foleni ya mpakani Tunduma, nikaondoka. Kuanzia hapo kila nikipaki natafuta mteremko.

Tunduma, Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Chingola, tuyaruke. Nimefika Kasumbalesa, mpakani na Kongo, upande wa Zambia, mpokeaji kaja na fundi wake. Kitu cha kwanza, kafungua kifuniko cha betri. Betri moja mpya, nyingine kuukuu, pale waya zinapofungwa pameota unga mweupe. Akaniangalia, akaangalia fomu, akaniangalia tena. Nikampigia ajenti. Akanijibu maneno matatu: "Saini ni yako."

Malipo ya safari yote yakaishia kwenye betri. Nikarudi kwa basi na pesa niliyokuwa nimeificha kwenye soksi. Tajiri hakupokea simu yangu tena. Nasikia magari yake sasa anapewa kijana ambaye hata mwaka hana.

Sasa wewe mdogo wangu wa Morogoro, nisikilize. Usisaini usiku. Usisaini ukiwa unaharakishwa. Piga picha: betri, spea tairi, jeki, redio, matairi yote, kioo kilichopasuka, kilomita kwenye dashibodi. Piga picha na fomu yenyewe, umtumie ajenti hapohapo kwenye simu ili saa ibaki. Kitu hakipo, andika hakipo. Wakikuambia unawachelewesha, wacheleweshe. Narudia: piga picha.

Abiria. Hapa nina dhambi zangu. Miaka ya mwanzo nilibeba, kama wengi. Unatoka Mbezi, watu wanakupungia, kila mmoja ni elfu kadhaa, na posho unaijua ilivyo. Siku moja nimembeba mama na mtoto, mvua Mikumi, pundamilia wakakatiza. Nikakanyaga breki. Kichwa kisicho na tela nyuma hakina uzito, matairi ya nyuma yanajifunga upesi, na kwenye lami yenye maji yakishajifunga gari linageuka lenyewe. Tuligeuka mpaka tukaangalia Morogoro. Hatukuumia. Yule mama hakusema neno, alishuka na mtoto wake akasimama kwenye mvua, ndani ya hifadhi, eti bora simba. Nilimbembeleza nusu saa arudi garini. Bima ya gari lile haikumjua yeye wala mwanawe. Tangu siku hiyo kiti cha pembeni kinabeba begi langu tu. Vijana mnaona magari ya IT ni daladala za bure, halafu mkipata ajali mnasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakukutuma upakie watu Chalinze.

Mafuta usiuze. Najua bei wanayokupa pale barabarani, nami niliwahi kuijua. Lakini tajiri naye anajua gari linakula kiasi gani mpaka Kapiri. Ukipungukiwa Mpika utamwambia nini?

Na uwe na kadi zako mbili za njano. Ya homa ya manjano ni yako, ya bima ya COMESA, ya kuvukia mipaka, ni ya gari. Kuna jamaa alifika Nakonde na moja akidhani ndiyo nyingine, wakamcheka mpaka jioni. Nauli ya kurudi itenge kabla hujawasha gari, usiichanganye na ya mafuta.

Mengine utajifunza njiani. Miteremko ya Iwambi kwenda Mbalizi shuka na gia ndogo, usiweke frii hata kama gari ni tupu. Lala ukichoka. Na piga picha, nimeshasema.

Juzi ajenti mwingine kanipigia. Howo tatu mpya za kwenda Kolwezi, Kongo, mimi moja. Nilifika yadi saa mbili asubuhi na tochi niliyonunua Kariakoo, jua linawaka. Nikafungua kila kifuniko, nikalala chini ya gari, nikapiga picha arobaini na mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimeacha udereva nafanya picha za harusi. Nikamwambia asogee, amenizibia betri.