Ndani ya kizimba cha papa: jitayarishie baridi kwanza

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Kaka yangu anaishi Cape Town, amenialika mwezi wa saba twende tukaingie kwenye kizimba cha chuma kuangalia papa. Nazamia pweza tangu utoto, lakini sijawahi kutumia mtungi wala sina cheti. Halafu navaa miwani ya macho. Nitaruhusiwa? Nijitayarishe vipi? (Msomaji, Konde, Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Cheti hakihitajiki. Kizimba hufungwa ubavuni mwa boti, na sehemu yake ya juu hubaki nje ya maji. Unasimama humo kichwa kikiwa juu, baharia akimwona papa anapiga kelele, unavuta pumzi, unazama kiasi cha mita moja au mbili, unatazama, unaibuka. Kwa mtu aliyezoea kumtoa pweza pangoni, hapo hakuna kazi.

Kazi ni baridi. Sisi tumezaliwa na maji ya nyuzi 25 na zaidi, hata kusi likivuma. Gansbaai, mji ambao boti nyingi za kizimba hutokea, maji ya majira yao ya baridi mara nyingi huwa kati ya nyuzi 12 na 16. Mara yangu ya kwanza kule nilishuka kwa kujiamini kama ninavyoshuka Kigomasha, huku Pemba. Maji yakapenya kwenye zipu ya shingoni, yakateremka na uti wa mgongo, nikaanza kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Papa akapita chini yangu, mimi nimeng'ang'ania chuma, kichwa juu, natafuta hewa.

Ule haukuwa woga. Ngozi ikipoa ghafla, mwili wenyewe huvuta hewa kwa nguvu bila kukuuliza, na moyo huenda mbio. Dakika ya kwanza ndiyo mbaya. Baada ya dakika mbili tatu hali hutulia. Kwa hiyo ukishuka usizame papo hapo. Shika chuma cha ndani, kichwa nje, toa pumzi pole pole kwa mdomo mpaka uhisi kifua kimekuwa chako tena.

Na mwili hufundishika. Wiki mbili kabla ya safari, nunua barafu ile ya kuhifadhia samaki pale dikoni, itie kwenye pipa la maji, ujimwagie shingoni na mgongoni kwa dakika mbili tatu huku ukitoa pumzi taratibu. Ukifanya hivyo mara tano au sita, kwa siku tofauti, utaona mshtuko unapungua. Awepo mtu karibu nawe. Kama una presha au maradhi ya moyo, acha kabisa mpaka uonane na daktari, na umuulize kuhusu safari yenyewe pia.

Vazi la mpira watakupa wao, nene, la milimita 5 au 7. Chagua linalokubana. Kazi yake ni kunasa maji machache juu ya ngozi ili mwili uyapashe moto. Likipwaya, kila ukisogea maji baridi yanaingia upya. Kama unaona haya kwa jinsi linavyobana, vaa kaptula na fulana juu yake. Hakuna atakayekuuliza.

Sasa jambo moja la wazamiaji wa pweza ambalo linanitia hofu kila nikiliona: ile tabia ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Haikuongezei hewa ya maana. Inafukuza hewa chafu ambayo ndiyo humwambia mtu apande juu, na ndipo watu wanapozimia majini bila kuhisi lolote. Kizimbani unakaa chini sekunde kumi, ishirini. Pumzi moja ya kawaida inatosha.

Miwani yako ya macho haitaingia ndani ya miwani ya kuzamia. Zipo za kuzamia zenye vioo vya namba. Muulize mwenye boti mapema. Namba ikiwa ndogo huenda usihitaji, kwani chini ya maji kila kitu huonekana karibu zaidi: papa aliye mita nne utamwona kama yuko mita tatu. Ukiwa na sharubu, pakaza mafuta ya mgando kidogo, vinginevyo maji yatapenya hapo.

Kulewa bahari kunawaharibia safari watu wengi kuliko papa. Boti hutia nanga, inayumba palepale, na harufu ya chambo imetanda. Usiende na njaa, wala usile vya mafuta. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Kidonge humezwa kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika hakisaidii. Kijaribu kwanza kwenye boti ya Mkoani kwenda Unguja, ujue kama kinakulaza.

Kuhusu papa wenyewe, usiahidiwe papa mweupe. Tangu mwaka 2017 nyangumi wauaji wamekuwa wakiwaua kule Gansbaai na kula maini yao, na papa weupe wakahama. Sasa wanaoonekana zaidi ni papa wa rangi ya shaba, wanaofika mita tatu hivi, nao ni wazuri mno. Papa mweupe huonekana zaidi Mossel Bay, karibu kilomita 400 kutoka Cape Town. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: wiki hii mmeona papa gani?

Mwisho, mwambie kaka asipange siku ya kizimba kuwa siku ya mwisho ya ziara. Mwezi wa saba dhoruba za kule zinaweza kufunga bahari siku tatu mfululizo. Pangeni siku ya pili baada ya kufika, ili ikiahirishwa mbaki na nafasi. Na kikoi hakitoshi. Beba sweta na kofia ya sufu ya kuvaa ukitoka majini.